Mwaka Nilioongoza Wageni Nisikokujua

Jumatano, tarehe 11 Machi 2015, saa nne za asubuhi, Dada Hilda alifariki dunia nyumbani kwake Tanga. Simu ilinikuta uani napepeta mtama wa kuku. Mwanawe mkubwa alinipa shikamoo mara mbili, na kwa ile ya pili nikajua kabla hajasema. Aliniambia watamzika kesho yake saa tisa. Nilipiga hesabu ya mabasi kichwani, nikaona siwezi kuwahi, nikamwambia hivyo hivyo: "Mwanangu, sitafika." Hakunilazimisha. Nilirudi kwenye ungo wangu nikamaliza kupepeta, kwa sababu kuku walikuwa wanangoja. Siku ile sikulia. Nililia siku ya tatu, nikiwa nafua, na sikujua kwa nini siku hiyo hasa. Wanangu waliponiuliza Hilda alikuwa nani kwangu, nikaanza kuandika haya. Hakuwa ndugu, wala dini yetu haikuwa moja, na muda mrefu kuliko wote tuliowahi kukaa pamoja ulikuwa siku kumi na mbili za mwaka 1970, mimi nikiwa na miaka kumi na minane. Elimu yangu ni darasa la saba. Nitaandika yaliyotokea tu, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wageni ya Bi Mosi, pale Singida mjini, hatua chache kutoka stendi. Ilikuwa na vyumba vinne vilivyotazamana uani, na katikati ya ua jiko la kuni lililoezekwa madebe. Kila chumba kilikuwa na kitanda cha waya, chandarua chenye viraka, karai la kunawia na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Bi Mosi alikuwa mjane mnene, mkali, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake. Wageni wetu walikuwa wachuuzi wa kuku, madereva wa malori na watumishi wa serikali waliohamishwa. Hao wote walikuja kwa sababu. Ndiyo maana jioni moja ya Julai, upepo wa kipupwe ukipuliza vumbi mpaka kwenye sufuria, tulishangaa kuwaona wanawake wawili vijana wanaingia na mashanta ya turubai mgongoni kama askari, na walipoulizwa wamefuata nini Singida, mmoja akajibu, "Kutembea."

"Kumtembelea nani?" Bi Mosi akauliza.

"Hatumtembelei mtu, mama. Tunatembea kuona nchi. Maziwa, miamba, milima."

Bi Mosi aliwatazama miguu. "Miamba," akasema. "Mmetoka Tanga kuja kutazama mawe."

Walikuwa wauguzi, wako likizo. Huyo aliyejibu alikuwa Sabina, mfupi, mwenye maneno mengi na kicheko cha ghafla. Mwenzake, Hilda, alikuwa mrefu, mwembamba, na alipenda kuuliza kitu kisha akasubiri jibu mpaka mwisho, tabia ambayo wengi hawana. Walibeba barua ya utambulisho kutoka kazini kwao, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, maana miaka ile, Azimio la Arusha likiwa na miaka mitatu tu, mtu anayezurura bila jembe wala mzigo wa biashara alitakiwa kujieleza. Wakati wa kula ugali na mlenda waliuliza kama yupo mtu wa kuwatembeza, wakitoka asubuhi na kurudi jioni. Bi Mosi hakuinua hata kichwa. "Huyu hapa, Zaituni. Anajua kila jiwe la mkoa huu." Nilikuwa nimesimama na jagi la maji. Nilijua ziwa Singidani na ziwa Kindai, nilijua mawe ya mjini na njia ya kwetu Mtinko. Zaidi ya hapo nilijua majina tu. Ningeweza kusema hivyo. Niliwamiminia maji ya kunawa, na Hilda akaniangalia kwa furaha, nikaona haya kumvunja moyo. Uongo wangu wa kwanza kwake sikuusema kwa mdomo. Niliumimina na maji.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri kwa sababu nilikuwa mahali pangu. Niliwapeleka Singidani asubuhi, maji yakiwa yametulia na ukingo wa magadi ukiwa mweupe kama unga uliomwagika, na ndege heroe wamesimama kwa mguu mmoja kwa mamia. Sabina alisema wanafanana na matroni wao akikagua wodi. Tulipanda mwamba mmoja mkubwa kaskazini ya mji, tukakaa juu tukala mihogo ya kuchemsha, na Hilda akalala chali juu ya jiwe lenye joto akasema hajapumzika namna ile tangu aanze kazi. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke mzima amelala chali mchana, nje, bila kuumwa. Nilitazama pembeni. Baada ya muda nikalala na mimi. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba siku ile ndiyo niliyoanza kuiona Singida. Nilikuwa nimeipita maisha yangu yote nikiwa na ndoo au kuni kichwani, nikitazama nilipokanyaga.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinawatatiza. Kila Hilda alipouliza, "Bado mbali, Zaituni?" nilimjibu, "Hapo tu, dada." Wakati mwingine hapo tu ilikuwa dakika kumi, wakati mwingine saa mbili. Sabina alilifanya utani. "Mbinguni je, Zaituni?" "Hapo tu!" wakajibu wenyewe wote wawili, wakacheka. Nami nilicheka, lakini sikuona kosa. Kwetu, mgeni akiuliza njia humwambii kuwa ni ndefu. Bibi yangu alikuwa akisema ukimwambia hivyo umemvunja miguu kabla hajanyanyuka. Unamwambia ni hapo tu, anajipa moyo, na mwenyewe kwa miguu yake anagundua. Ni adabu, sawa na kumwambia mtu aliyekukuta unakula sahani ya mwisho kwamba chakula kipo kingi. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kupunguza tukisikia. Sikufikiria kwamba mtu wa Tanga hajui kupunguza.

Siku ya nne, njiani kutoka Kindai, tulikuta watu wa kijiji wanapura mtama wa shamba la pamoja, wanaume na wanawake wamepanga mistari miwili na fimbo. Walipoona mashanta walianza. "Tazameni watalii weusi!" "Nyie, wanyonyaji! Wenzenu tunajenga taifa, nyie mnajenga magoti!" Balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo, akaja akasoma ile barua huku ameishika juu chini. Tulimpa shikamoo zetu. Akauliza, "Kwa hiyo kazi yenu ni kutazama?" Sabina akatua shanta. "Mzee, na kupura tunaweza." Alipura kwa saa nzima, vibaya sana, akajipiga kisigino, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Walitupa togwa tukanywa. Hilda yeye alipura kidogo akaenda kukaa kivulini, na nilimwona anajishika paji la uso. Nilidhani ni uvivu wa mtu wa mjini. Nimeshasema nitaandika yaliyotokea.

Siku ya saba tulikwenda Sekenke. Hilda alikuwa amesikia kwamba huko nchi inakatika ghafla, unasimama ukingoni na kuona mbuga ya Wembere chini yako mpaka macho yachoke. Tuliondoka alfajiri na basi la kuelekea Nzega, tukashuka saa nne juu ya mteremko, tukakubaliana na kondakta kwamba saa kumi basi la kurudi litatukuta barabarani. Mimi Sekenke nilikuwa nimefika mara moja, nikiwa na miaka tisa, na shangazi, tukaishia dukani. Lakini kwa Bi Mosi nilikuwa nimesema napajua, na kwa Hilda nilikuwa nimesema napajua sana. Tulipita kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, tukafika ukingoni, na kweli ilikuwa kama walivyosimulia. Mbuga ilikuwa ya rangi ya ngozi ya simba, na mbali kabisa kulikuwa na mng'ao ambao sikujua kama ni maji au joto. Chini, kwenye mguu wa mteremko, palikuwa na mstari wa miti ya kijani. Hilda akauliza ni nini. Nikasema ni chemchemi. Nilikuwa nimeambiwa hivyo dakika kumi kabla, na mama mmoja wa Kinyiramba aitwaye Mama Shango, ambaye nyumba yake ya tembe ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya ukingo. Alikuwa ameniambia chemchemi ipo, huku akinyoosha kidevu na kuivuta sauti, kuuule, mpaka pumzi ikamwishia. Nilielewa kabisa maana ya sauti ile.

"Ni mbali?" Hilda akauliza.

"Hapo tu, dada. Nusu saa."

Ile nusu saa niliitunga. Kwa sababu ya nusu saa hiyo walikunywa maji yote ya chupa moja pale pale ukingoni na nusu ya chupa ya pili wakati wa kushuka, wakijua watajaza mbele. Jua la kule chini halikuwa la kipupwe cha Singida. Upepo ulibaki juu, sisi tukaingia kwenye joto kama la tanuru. Baada ya saa moja miti ilikuwa pale pale. Baada ya saa moja na nusu njia ikagawanyika mara mbili, nikachagua ya kushoto kwa uso wa mtu anayejua. Hilda aliacha kuuliza. Kisha akakaa juu ya jiwe, akasema anasikia baridi, meno yanagongana, na ngozi yake nilipoigusa ilikuwa ya moto na kavu. Akainama akatapika maji yote aliyokunywa. Alipojaribu kusimama miguu ilikataa.

Sabina hakuwa tena yule wa kicheko. Alimlaza kwenye kivuli chembamba cha jabali, akamfungua vifungo, akambana mpaka akasema ukweli: wiki mbili kabla ya likizo Hilda alikuwa amelazwa kwa malaria, akaacha dawa kabla hazijaisha kwa sababu zilimchafua tumbo, na hakumwambia mtu asije akazuiwa safari. Kisha Sabina akageuka kwangu. Chupa ilikuwa na maji ya kufunika kitako chake tu.

"Zaituni, nisikilize. Usinipe moyo. Nataka kujua kitu kimoja ili nijue la kufanya. Kutoka hapa mpaka kwenye hayo maji ni muda gani?"

Kinywa changu kilikuwa tayari kimeshika neno. Nasema kweli, lilikuwa limefika kwenye meno. Nilimtazama Hilda, midomo yake imepauka kama magadi, nikaona kwamba nikisema hapo tu, Sabina atanituma mbele, nami nitakwenda na chupa nisikokujua, na huyu mtu atakufa ananingoja.

"Sijui, dada," nikasema. "Sijawahi kufika. Huku chini sijawahi kushuka hata siku moja."

Sabina alifumba macho. Nilingoja kofi. "Mmoja kaficha homa, mwingine kaficha ujinga," akasema. "Haya. Kipi unakijua?"

"Nyumba ya Mama Shango. Njia tuliyotoka naijua."

"Basi kimbia huko."

Nilikimbia. Sikumbuki mengi ya njia ile, isipokuwa kwamba kandambili moja ilikatika nikaitupa, nikaitupa na ya pili. Mama Shango alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa. Nilipomweleza, hakuniuliza swali. Aliita mwanawe na shemeji yake, wakatoa kitanda cha kamba ndani, wakakigeuza juu chini wakakibeba kichwani, naye akanitwika kibuyu cha maji na kingine cha togwa. Wakati wa kushuka akanisogelea. "Wewe Mnyaturu, mimi sikukuonyesha kwa kidevu kwamba ni mbali?" Nikasema ulinionyesha, mama. "Na ulielewa?" Nikasema nilielewa. Akatema mate pembeni, akaendelea kutembea. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa ufupi kuliko pale.

Hilda alipandishwa kwa kitanda kile, watu wanne tukipokezana, Sabina akimnywesha kijiko kwa kijiko. Basi la saa kumi lilipita tukiwa bado kwenye mteremko, tulisikia honi. Katika shanta la Sabina kulikuwa na klorokwini, vidonge vya malaria, maana wauguzi hawatembei mikono mitupu, akampa Hilda alipoacha kutapika. Tulilala kwa Mama Shango, na asubuhi Hilda aliomba uji. Nimekula vyakula vingi baada ya hapo, vya harusi na vya Idi, lakini sijawahi kuona chakula kizuri kama ule uji wa uwele ulioingia kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Mara nyingi nimefikiria neno lile, sijui. Miaka miwili baadaye Hilda aliniandikia kwamba hospitali zinatafuta wahudumu wa wodi, akanielekeza niombe, nikapata, nikafanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Wagonjwa na ndugu zao humuuliza mfagiaji wa wodi yale wanayoogopa kumuuliza daktari. Nitapona? Mke wangu amejifungua salama? Mara nyingi nilijibu sijui, ngoja niulize, nikaenda kuuliza, nikarudi na jibu. Wenzangu waliniona sina huruma. Pengine. Mimi nilikuwa nimeona huruma inavyoweza kumlaza mtu chini ya jabali bila maji.

Siku ya nane, tuliporudi Singida mchana kutoka kwa Mama Shango, Bi Mosi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alikuwa ameshakwenda stendi mara tatu. Nilipitiliza jikoni nikabandika chai, na kwa sababu jiko lilikuwa katikati ya ua nilisikia kila neno. Alikuwa anauliza kilichotokea. Hilda, kwa sauti ya mgonjwa, akajibu, "Tulichelewa basi tu, mama. Mimi nilijisikia vibaya kidogo. Zaituni alituongoza vizuri." Sabina akakohoa. Bi Mosi akasema, "Afadhali. Maana angewapoteza ningemtoa hapa leo hii."

Kwa hiyo nilikuwa nimeokolewa. Ningeweza kuchukua sinia na kubaki na kazi yangu. Nilimimina chai vikombe vitatu, nikaenda nayo, nikaiweka mezani, na nilipoiweka mikono ikabaki haina la kufanya. "Bi Mosi," nikasema, "Dada Hilda ananifunika. Sijui Sekenke. Niliwadanganya nusu saa, na nilijua ni mbali. Angekufa."

"We mtoto una wazimu?" Bi Mosi aliuliza. Nadhani aliuliza kweli, kwa mshangao. "Mtu amekusitiri, unajivua nguo mwenyewe?"

Aliniambia nikusanye vitu vyangu. Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. Baadaye maishani tulipatana na nilimuuguza alipokuwa mzee, lakini siku ile nilifunga kanga mbili na sahani yangu, nikapanda lori la kwenda Mtinko. Hilda alikuwa amelala. Sikumuaga.

Siku ya tatu baada ya hapo, nikiwa nasaga mtama, mbwa walibweka. Niliwaona wanakuja kwa njia ya mnadani, mashanta mgongoni, Hilda akitembea polepole na fimbo, nyuma yao msururu wa watoto wa kijiji kizima. Sabina alipofika kivulini alijibwaga. "Watu wa kwenu, Zaituni! Tumeuliza kwako ni wapi watu saba, wote wamesema hapo tu!" Mama yangu akacheka bila kujua anachochekea, akaenda kukamata kuku. Nilipiga magoti kuwasalimia, nikaanza kuomba radhi, Hilda akanikatiza.

"Kesho jioni tunarudi Tanga. Imebaki siku moja ya kutembea. Tupeleke unapopajua."

"Dada, ninapopajua hapana kitu. Ni jiwe nilikokuwa nachungia mbuzi."

"Jiwe hilo hilo."

Kesho yake alfajiri niliwapeleka. Niliwaambia mwendo ni saa moja kasoro, na kwa mguu wa Hilda ni saa moja na robo, na njiani hakuna maji, na mahali pamoja pana miiba. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumwambia mgeni maneno kama hayo, na niliona aibu, kama mtu anayewafukuza. Hilda alijaza chupa, akafunga kamba za viatu. Tulifika kama nilivyosema. Niliwaonyesha mahali pa kukaa upepo usipofika, tundu la pimbi, na shimo dogo la mawe linaloshika maji ya mvua mpaka mwezi wa tano. Tulikaa. Jua lilipanda. Mbele yetu kulikuwa na kilima kingine cha mawe, kirefu kidogo kuliko chetu, na Hilda akakinyooshea fimbo.

"Nyuma ya kile kuna nini?"

Nilichunga mbuzi pale miaka sita, na mbuzi wangu hawakuwahi kuvuka. "Sijui, dada."

"Wewe Sabina?"

"Mimi wa Tanga nijue nini?"

Hilda akasimama kwa fimbo yake. "Basi hakuna kiongozi. Twende."

Tulishuka bondeni, tukapanda polepole tukimvuta mkono kwa zamu, tukipumzika kila mahali palipokuwa na kivuli, mpaka tukatokea upande wa pili. Kulikuwa na shamba la mtama la mtu, lililokwisha kuvunwa. Mabua yamelazwa, udongo mwekundu, kunguru wawili. Tulisimama watatu tukalitazama. Sabina akaniuliza kama ni zuri, nami nikasema hapana, ni shamba tu. Hilda aliinama, akaokota suke moja lililosahauliwa na wavunaji, akalifikicha katikati ya viganja, akapuliza makapi, akagawa punje mafungu matatu. Tukatafuna, tukaanza kurudi.